Kitufe cha Kupasha Kiti

Katika magari mengi ya umeme ya Nissan Leaf yanayoshushwa bandari ya Kilindini mna kitufe kidogo chenye picha ya kiti na vimistari vya mvuke vinavyopanda juu yake. Ukikibonyeza, kiti huanza kupata moto. Kitufe hicho kina ndugu yake, ambaye kazi yake ni kuupasha usukani. Kwa mtu wa Hokkaido, huko Japani, anayekwangua barafu kiooni kabla ya kwenda kazini, hivi si vitu vya mchezo. Mhandisi aliyevibuni alikuwa na akili zake timamu, maana kupasha makalio ya mtu mmoja kunakula umeme kidogo kuliko kupasha hewa yote ya gari. Lakini gari hilo sasa liko Mombasa, ambako mwezi wa Machi joto hufika nyuzi 33, na kiti kilichoachwa juani nje ya soko la Marikiti hujipasha chenyewe bila kuombwa, bure, na kwa ufanisi unaoishinda Japani. Na bado kitufe hicho kimo katika orodha ya vitu vinavyomfanya dalali ainamishe kichwa na kusema, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya familia, "Ami, hii si ile ya kawaida. Hii ni fulu."

Fulu maana yake ni gredi ya juu. Japani, Leaf iliuzwa kwa gredi za S, X na G, na aliyezipanga herufi hizo hakuijali alfabeti wala mnunuzi wa Kenya. Uingereza gari lilelile lilipewa majina ya Visia, Acenta na Tekna, ambayo yangewafaa zaidi watoto pacha watatu. Marekani zilikuwa S, SV na SL. Mnunuzi wa Mombasa, ambaye anaweza kukuta Leaf ya Japani na ya Uingereza zimeegeshwa ubavu kwa ubavu katika yadi moja, anatakiwa akariri yote haya na asichanganyikiwe. Anachanganyikiwa. S ya Mercedes ndiyo ya wakubwa, S ya Samsung ndiyo simu inayoibiwa kwanza, na S ya Leaf ndiyo ya chini kabisa. Kwa hiyo kuna watu wanaoinunua S kwa majivuno na wengine wanaoikimbia kwa aibu, na wote wawili hawajafungua hata mlango. Nami nadai hivi: kwa gari la umeme, katika kisiwa hiki, gredi ya chini aghalabu ndiyo bora, na fedha inayobaki iende kwenye betri. Sisemi hivi kwa ubahili, ingawa ubahili nao una hoja zake.

Chukua Leaf ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa Japani Oktoba 2017. S ilitangazwa kwa yeni 3,150,360, X kwa 3,513,240, na G kwa 3,990,600. Kati ya ya chini na ya juu pana yeni 840,240. Kwa fedha hizo mtu angetarajia gari liende mbali zaidi, au liende kasi zaidi, au angalau lipande mteremko wa Likoni likiwa na heshima zaidi. Halifanyi lolote katika hayo. Zote tatu zilitoka kiwandani na betri ya kilowati-saa 40, yaani yuniti 40 kwa hesabu ya tokeni zetu za stima, na mota ya kilowati 110. Hakuna G iliyopewa hata yuniti moja ya ziada chini ya zulia. Tofauti imeingia kwenye rimu za aloi za inchi 17 badala ya zile za chuma za inchi 16 zilizofunikwa kofia za plastiki, kwenye skrini, kwenye taa, na kwenye vitambuzi vya kumsaidia dereva kushika barabara. Tena kuna mahali ambapo starehe hurudi kudai umeme wake. Marekani, Leaf ya betri kubwa ilipopimwa na Shirika la Mazingira mwaka 2019, S Plus ilipewa maili 226 kwa chaji moja, na SV Plus na SL Plus zikapewa 215. Betri ni ileile. Maili 11 zilizopotea ni kilomita 18 hivi, mwendo wa kutoka mjini hadi Mtwapa, na zimeliwa na vitu ambavyo mnunuzi alitoa fedha kuviongeza. Kwa maneno mengine, yule mwenye fulu akiishiwa na chaji njiani, mwenye S atampita, atampungia mkono, na atafika.

Mazoea haya ya kuabudu gredi hayakuzuka hivihivi, na nisingependa kuwacheka watu bila kuwatetea kwanza. Yametokana na magari ya petroli. Ukinunua Premio, tofauti ya 1.5 na 1.8 au 2.0 ni tofauti ya injini; kinachoongezeka kimo chini ya boneti na kinasikika ukipanda Mazeras. Miaka mingi Wakenya wamejifunza kwamba anayelipa zaidi anapata nguvu zaidi, na mafunzo hayo yalikuwa ya kweli. Gari la umeme limeivunja kamba hiyo. Limechukua nguvu na mwendo likaviweka kwenye betri, likachukua starehe likaziweka kwenye gredi, halafu likaziacha herufi palepale zilipokuwa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mnunuzi anaendelea kupanda ngazi ileile ya zamani bila kujua kwamba siku hizi juu yake hakuna dari, kuna zulia tu.

Sasa tuvifuate vitu hivyo vya fulu safarini, maana vingi hufia baharini. Kwanza ni yule bibi wa ETC. Magari ya Japani hufungwa kifaa cha kulipia barabara za kulipia, na kifaa hicho kila ukiwasha gari hukwambia kwa Kijapani, kwa adabu kubwa, kwamba kadi haijaingizwa. Hakuna kadi itakayoingizwa milele na milele. Lakini bibi hakati tamaa. Kila asubuhi, Kibokoni, kabla dereva hajavuta mkanda, bibi anatoa salamu yake, na dereva mwenye malezi mema hujikuta akijibu. Baada ya bibi inakuja ramani. Skrini ya fulu ni pana na angavu, na ina kila kichochoro cha Osaka. Ndia Kuu haimo. Menyu zake ni za Kijapani, pamoja na ile ya kupanga saa za kuchaji, kwa hiyo mwenye gari hubonyeza kwa kubahatisha, na siku moja akagundua kwamba gari limeamua kuchaji Jumapili tu. Redio nayo ilitengenezwa kwa masafa ya Japani, ambayo yanaanzia 76 na kuishia kabla ya kufika kwenye stesheni nyingi za huku, kwa hivyo lazima ufungiwe kifaa cha kuyasogeza masafa, na namba unayoiona kwenye skrini haitakuwa tena namba ya stesheni unayoisikia. Mwenye S isiyo na skrini hana msiba wowote kati ya hii. Ana tundu kwenye dashibodi. Anakwenda kwa fundi mjini, anafungiwa redio inayosema lugha anayoielewa, na anarudi nyumbani kabla ya alasiri.

ProPILOT inastahili aya yake, kwa sababu ndiyo dalali huitaja mwisho, baada ya kunyamaza kidogo. Ni mfumo unaotumia kamera kufuata gari lililo mbele na kubaki katikati ya mistari ya barabara. Umebuniwa kwa barabara kuu za Japani, ambako mistari ni myeupe, madereva ni watulivu, na gari la mbele ni gari. Upeleke Barabara ya Digo saa tano asubuhi. Kamera inatafuta mstari wa kushoto. Mstari wa kushoto una muuza madafu juu yake. Inatafuta mstari wa kulia; wa kulia una tuktuk mbili zinazojadiliana. Mbele yake hakuna gari, kuna mkokoteni wa viazi unaorudi kinyumenyume, na hamali anayeusukuma anapiga mluzi ambao hakuna kompyuta iliyofundishwa kuuelewa. Sina nia ya kuubeza mfumo wenyewe. Nasema kwamba mtu wa Mombasa akiulipia, amelipia tiketi ya sinema inayooneshwa nchi nyingine.

Kinachonishangaza ni kwamba watu wanaofanya makosa haya ndio wanunuzi wakali kupita wote pwani hii. Nenda Marikiti yenyewe, jengo lililofunguliwa mwaka 1914 kwa jina la Mackinnon ambalo hakuna mtu anayelitumia, ukasimame karibu na meza za viungo. Mama anataka iliki robo kilo. Muuzaji anamwonesha ya kijani kibichi, kubwakubwa, na kusema hii ni namba moja. Mama hasikilizi namba. Anachukua punje moja, anaipasua kwa kucha, anaangalia kama mbegu za ndani ni nyeusi na zimeshikamana kwa unyevu au zimekauka na kugeuka kahawia, anaiweka moja ulimini, anaguna. Akiona ganda ni zuri na ndani ni vumbi, anairudisha bila kusema neno, na ukimya wake unamwumiza muuzaji kuliko matusi. Kisha mama huyohuyo, au mwanawe aliyesimama kando akishika kapu, anakwenda yadi na fedha zilizo mara nyingi sana ya bei ya iliki ile, anaambiwa ni G, na anauliza zipo rangi gani.

Mbegu ya Leaf ni betri yake, na inaonekana kwa anayejua pa kutazama. Kwenye skrini ya dereva pana safu mbili za pau. Pau nene zinaonesha chaji iliyopo sasa. Pau nyembamba zilizo kando yake, 12 gari likiwa jipya, zinaonesha uwezo uliobaki wa betri kubeba chaji. Hapa ndipo ajali nyingi za yadini hutokea. Dalali anawasha gari, pau nene zimejaa hadi juu, anasema, "Tazama, betri imejaa!" na mnunuzi anatikisa kichwa kwa furaha. Betri iliyochoka nayo hujaa. Kikombe kidogo hujaa haraka zaidi. Pau nyembamba ya kwanza hutoweka uwezo ukishapungua asilimia 15 hivi, na kila inayofuata huondoka na asilimia 6 na ushei, kwa hiyo gari lenye pau 9 limeshapoteza zaidi ya robo ya safari zake. Na kwa kuwa pwani haikosi wajuzi, iko pia hila ya kufuta kumbukumbu za kompyuta ya betri ili pau zirudi 12 kwa muda, muda ambao kwa bahati njema hutosha kuuza gari. Dawa ya hila hiyo ni kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani pamoja na programu ya simu inayoitwa Leaf Spy, ambayo husoma afya ya betri kwa asilimia, ikifuatiwa na safari ndefu ya majaribio. Nenda Mtwapa urudi, kiyoyozi kikiwaka, ukitazama asilimia zinavyoshuka. Dalali atakaa kiti cha nyuma akisema habari za kiti chenyewe.

Joto ndilo linalofanya jambo hili kuwa la Mombasa hasa. Betri ya Leaf ya vizazi viwili vya kwanza haina mfumo wa maji wa kuipoza. Hupoa kwa hewa inayopita, na hewa inayopita hapa ni ile tunayoijua. Mwaka 2012 wenye Leaf huko Arizona, jangwani, walianza kulalamika kwamba pau zao zinatoweka mapema mno, na Nissan ikalazimika kutoa dhamana ya uwezo wa betri, si ya kuharibika kwake tu. Sisi hatuna joto la Arizona la nyuzi 45, lakini wao wana baridi ya kuwapumzisha, na sisi tuna Julai inayojifanya baridi kwa watu wa bara waliokuja na sweta. Kwa hiyo Leaf iliyoishi miaka sita kaskazini mwa Japani, pengine ikiwa S ya kampuni ya kusambaza barua isiyojali viti vya ngozi, inaweza kuwa na betri yenye afya kuliko G iliyokuwa ikichajiwa kwa nguvu kila siku katika mji wa kusini. Karatasi ya mnada wa Japani inaweza kukupa fununu, maana wauzaji wa huko mara nyingi huandika kwa mkono idadi ya pau. Tatizo ni kwamba karatasi hiyohiyo ina gredi nyingine, ya hali ya gari: 4, 4.5, au R kwa lililogongwa likatengenezwa. Mnunuzi anauliza gredi akimaanisha G, anajibiwa nne na nusu, anaondoka akiamini amepata kitu kilicho juu ya G. Kule pembeni ya karatasi, kwa Kijapani, pameandikwa kwamba pau ni 10.

Kuna jambo moja ambalo hakuna herufi inayolitaja, nalo ni chaja iliyo ndani ya gari. Leaf ya yuniti 40 huchukua saa 16 kujaa kwa chaja ya kilowati 3, na saa 8 kwa ya kilowati 6, ambayo Japani ilikuwa ya kuongezewa kwa fedha. Saa 16 ni neno la kutisha, hasa kwa anayekaa Mji wa Kale ghorofa ya pili na gari lake liko chini, nje, mtaa wa tatu, kwa sababu karibu hapakuwa na nafasi. Waya wa Japani nao huja na plagi isiyokubali soketi zetu za miguu mitatu, kwa hiyo hufungwa adapta, na adapta hufungwa ekstensheni, na ekstensheni hupitishwa dirishani juu ya vichwa vya watu wanaokwenda msikitini, ikiwa imepata moto kuliko kile kiti. Watengenezaji wa magari haya huonya dhidi ya ekstensheni, na wana haki. Hata hivyo hesabu yenyewe haitishi kama inavyosikika. Anayezunguka kisiwani, Nyali na Likoni, kilomita 40 kwa siku, hutumia yuniti sita au saba, na hizo ni saa mbili na nusu za chaja ile ndogo ukiwa umelala. Foleni ya feri ya Likoni haihesabiwi, maana gari la umeme likisimama foleni huwa limesimama kweli. Mamlaka ya nishati, EPRA, ilipopanga bei mpya za umeme mwaka 2023 iliweka bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme, shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa za usiku wakati mahitaji ni madogo, kabla ya kodi. Kwa mtu huyu, fedha ya kutoka S hadi G ingelipa fundi wa kumfungia soketi halali mahali halali, mita yake, na miaka kadhaa ya stima.

Hapo mpinzani wangu wa kwanza huinua mkono, naye ni yule mwenye shamba Kilifi na mkwe Nairobi. Anasema: mimi nahitaji kwenda mbali, na gredi za juu ndizo zenye betri kubwa. Ana hoja, na ni hoja nzito kuliko zote. Kuanzia Januari 2019 Japani iliuza Leaf e+ ya kilowati-saa 62, na haikuwapo katika S; ukiitaka, unaanzia X. BYD Dolphin nayo imeuzwa katika masoko mbalimbali kwa betri ya 44.9 na ya 60.48, na ile kubwa hukaa kwenye toleo la juu. Kwa hiyo wakati mwingine kiwanda hukulazimisha ununue viti ili upate betri, kama kinyozi asiyekunyoa mpaka ununue na manukato. Jibu langu ni kwamba mtu huyu ananunua betri, na anajua ananunua betri, na akipewa kiti cha kupasha atakivumilia. Asichopaswa kufanya ni kuichukua G ya yuniti 40 akidhani G ndiyo itakayomfikisha Mtito Andei. Tena hata huku kwenye betri, ngazi haipandi upande mmoja daima. Tesla ilitangaza mwaka 2021 kwamba magari yake ya masafa ya kawaida, yaani ya bei ya chini, yatatumia betri za chuma na fosfati duniani kote. Betri hizo hubeba umeme kidogo kwa uzito wake, lakini huvumilia kuchajiwa hadi asilimia 100 mara kwa mara, huku mwenye gari la bei ya juu akishauriwa aishie chini ya hapo kwa safari za kila siku. Tajiri anachunga, maskini anajaza. Sijui kama kuna chombo kingine kinachouzwa duniani kwa utaratibu huo.

Mpinzani wa pili ni mwenye kusema habari za usalama, na huyu sitaki kumjibu kwa mzaha mwingi. S ina mikanda, ina ABS, ina mifuko ya hewa ya mbele. Haikutengenezwa kwa kadibodi. Lakini gredi za juu hupatikana na kamera za kuzunguka, zinazokuonesha gari lako kana kwamba unalitazama kutoka juu ya mnara, na hapa nakubali kushindwa. Mji wa Kale una vichochoro ambavyo baraza za mawe zimetokeza hadi njiani, na juu ya baraza wamekaa wazee wanne na birika la kahawa chungu, na hakuna hata mmoja atakayekunja mguu kwa ajili yako. Anayerudi kinyumenyume hapo anahitaji kila jicho analoweza kupata. Ikiwa kuna kitu kimoja cha fulu kilichobuniwa, bila mbuni kujua, kwa ajili ya Mombasa, basi ni kamera hizo. Lakini nasikia sauti ikiuliza gari linafanya nini kichochoroni, na sauti hiyo ina haki pia.

Amebaki wa tatu, mwenye hoja ya heshima na bei ya kuuzia. Anasema gari huonekana, na S itamwaibisha harusini, na siku ya kuliuza hakuna atakayeitaka. Kuhusu harusi, gari litafunikwa maua na riboni hadi kwenye vioo, na herufi ya gredi aghalabu husomwa kwenye karatasi ya mnada, ambayo si desturi kuibandika kwenye boneti. Kuhusu kuuza, soko lenyewe limeanza kusema. Septemba 2023 Rais alikuja Mombasa kuzindua mpango wa pikipiki za umeme pamoja na kampuni ya Spiro, na mpango wenyewe ulikuwa huu: mwendeshaji ananunua pikipiki, betri si yake. Ikiisha anaifikisha kituoni, anapewa nyingine iliyojaa, analipa, anaondoka. Watu wa bodaboda hawakuhitaji semina kuelewa kwamba chombo na betri ni mali mbili tofauti, kila moja na bei yake. Mnunuzi wa Leaf ya mtumba wa miaka mitano ijayo atakuwa mtoto wa mtu huyo wa boda. Atakuja na kifaa chake mfukoni, atakichomeka kabla ya kusalimia, na ataisoma asilimia kwa sauti mbele ya jirani zako wote. Ukimwambia ni G, atakuuliza G ni nini; ukimwonesha kitufe cha kupasha kiti, atataka apunguziwe bei kwa kukiondoa.